Kunyamazisha Bati

Ukigonga mlango wa pikapu kuukuu kwa kifundo cha kidole, unalia kama debe. Ngoo. Sauti inabaki hapo kidogo, inazunguka, halafu inakufa polepole. Fundi alinionyesha hivyo Januari moja mjini Kitui, chini ya mwarobaini, kava la ndani la mlango likiwa limelazwa juu ya gunia. Kisha akabandika kipande cheusi, kikubwa kama kiganja, katikati ya bati. Akagonga tena. Du. Sauti ikafa papo hapo.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Mjomba naye akasikia, akacheka kama mtu aliyeonyeshwa mazingaombwe. Pikapu ilikuwa yake, Isuzu ya kubebea maembe kutoka Makueni na ndengu kutoka Kitui. Mimi nilikuwa turnboi wake. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na katika familia yetu mtu asiye na kazi hupewa gunia la kubeba mpaka Mungu aamue vingine. Mjomba aliendelea kuniita "msomi", nadhani kwa huruma.

Aliamua kuweka mziki wa maana kwenye gari, na kabla ya mziki aanze kwa kuinyamazisha ile gari yenyewe. Watu walimshangaa. Mtu anayebeba maembe anataka ukimya wa nini? Lakini mjomba alikuwa na kanda moja ya marehemu babu, na kulikuwa na ubishi wa nyumbani wa miaka mingi ambao ni kanda hiyo tu ingeweza kuumaliza. Nitaufikia. Kwanza niwaambie venye sauti iliingia ndani ya magari ya kwetu, kwa sababu bila hiyo hadithi ya mjomba haina maana.

Redio ya gari ina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1930, huko Chicago, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walianza kuuza redio ya gari waliyoipa jina Motorola. Jina hilo lilibaki, na ndilo wazazi wetu walikuja kuliona kwenye simu za mkononi. Lakini kwa mkulima wa Mbooni au Mutomo wa zamani zile, gari lenye sauti halikuwa gari la starehe. Lilikuwa gari la serikali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilizungusha vijijini magari ya habari na sinema, yenye vipaza sauti. Gari lilisimama sokoni, watu wakakusanyika, sauti ikatoka. Ilikuwa inatoka tu. Hakuna aliyeulizwa anataka kusikia nini.

Tabia hiyo haikuisha na uhuru. Pikapu yenye pembe mbili za kipaza sauti juu ya paa bado ndiyo hutangaza mkutano wa injili, mnada wa ng'ombe na mgombea. Mwaka 1997, Charity Ngilu, wakati huo mbunge wa Kitui ya Kati, aligombea urais, na ukiwauliza wazee wa Kitui kuhusu mwaka ule, wengi wataanza na kelele za magari kabla ya kufika kwenye siasa. Pembe zile hazina besi. Zimeumbwa zirushe sauti ya mtu mbali, basi. Ukipigia mziki humo unasikia kama nyuki ndani ya chupa.

Mziki wenyewe ulikuja na matatu. Jina lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani zile sarafu tatu za senti kumi. Kwa miaka mingi magari hayo yalifanya kazi kwa kujificha, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalum. Vijana wa mjini mkisikia matatu mnawaza nganya: rangi, skrini, taa za zambarau. Matatu ya Ukambani ya enzi hizo ilikuwa pikapu. Nyuma iliwekwa kibanda cha bati au turubai na mabenchi mawili ya kutazamana, magoti kwa magoti, kuku katikati. Peugeot 504, ambayo kila mtu aliita Pijo, ilipendwa kwa sababu ilivumilia mizigo na mashimo. Babu yangu aliendesha moja kati ya Kitui na Kibwezi, kupitia Ikanga, Mutomo na Ikutha, na kuvuka mto Athi ambao leo ni mpaka wa kaunti mbili. Barabara hiyo imewekwa lami juzi juzi tu. Wakati wa babu ilikuwa vumbi na matuta madogo madogo yanayofuatana kama mbavu, na kila ubavu uligonga kila bati la gari.

Ndani ya kelele hiyo ndiko mziki wa Kikamba ulikoishi.

Kampuni ya Philips ilikuwa imeonyesha kanda ndogo ya kaseti mwaka 1963, kule Berlin. Ilipofika kwetu ikageuza kila kitu. Sahani ya santuri haiwezi kuchezwa ndani ya gari linaloruka. Kanda inaweza. Redio ya taifa ilikuwa moja, Voice of Kenya, na Kikamba kilipata saa zake chache tu. Ukitaka kusikia lugha yako siku nzima, ulihitaji kanda, na mwenye kanda nyingi zaidi kijijini mara nyingi alikuwa dereva.

Na benga ya Kikamba, sijui kama ni kwa bahati au kwa akili, ni kama ilitengenezwa kwa ajili ya gari bovu. Sikilizeni rekodi za Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Ngoma ya mguu inapiga pigo baada ya pigo, haipumziki, kama injini. Juu yake gitaa jembamba, kali, linapita kwenye kelele kama sindano kwenye gunia. Katikati hakuna vitu vingi. Spika mbovu ya karatasi iliyokauka bado inaweza kukupa pigo na sindano, na hivyo viwili vinatosha kukufikisha Mutomo. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliongeza Kiswahili, wakasikika nchi nzima kabla Kakai hajafariki mwaka 1987 akiwa bado kijana. Kalambya Sisters, wakisindikizwa na Kalambya Boys, walitamba mwanzoni mwa miaka ya 80 na "Katelina". Mbooni nayo, ambayo leo iko Makueni, ilikuwa na Lower Mbooni Boys. Makueni haikuwa hata wilaya wakati huo. Ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Bendi iliweka jina la mahali kwenye ramani ya masikio kabla serikali haijalichora kwenye ramani ya karatasi.

Kuna jambo lingine kuhusu benga ambalo watoto wa leo wanalipuuza. Mwimbaji wa benga hutaja watu. Anajitaja yeye, anamtaja mpiga besi wake, kijiji chake, rafiki aliyemsaidia, mwenye baa, dereva. Wengine wanaona ni kujaza nafasi. Mimi naona ni daftari. Mkulima wa kawaida wa Ikutha hakuandikwa kwenye gazeti la mwaka 1980. Pengine jina lake la pekee lililorekodiwa mahali popote, ukitoa kitambulisho na kadi ya kliniki, liko kwenye dakika ya tatu ya wimbo fulani, kabla gitaa halijaanza kukimbia.

Sasa ubishi wa nyumbani. Mjomba alikuwa akisema tangu nikiwa mdogo kwamba babu ametajwa kwenye wimbo. Kanda ipo, ya rangi ya kijivu, karatasi ya juu imefutika, haina jina la bendi. Babu aliicheza kwenye Pijo mpaka Pijo ikafa. Mjomba, akiwa mtoto amekaa katikati ya dereva na abiria wa mbele, alisikia mwimbaji akisalimia madereva wa steji ya Kitui, na jina la kwanza lilikuwa la babu. Aliapa. Mama mkubwa, dada yake, alisema ni uongo. Alisema mjomba alikuwa na miaka sita, gari lilikuwa linapiga kelele kama kiwanda, na mtoto husikia anachotaka. Walibishana kwenye arusi. Walibishana kwenye matanga ya babu mwenyewe.

Mnaweza kuuliza, si mngeweka vipokea sauti vya masikioni mkasikiliza? Nilimwambia mjomba hivyo hivyo. Akanijibu kwamba hiyo kanda haikutengenezewa masikio ya mtu mmoja. Nikaacha. Kusema ukweli nadhani aliogopa, akataka kwanza aogope kwa gharama.

Jaribio la kwanza liliharibika. Mwaka uliotangulia fundi mwingine, ambaye sitamtaja, alikuwa amebandika milangoni karatasi ya lami, ile ya kuzibia paa linalovuja. Ni rahisi, na kwa wiki chache inafanya kazi. Lakini paa la nyumba na mlango wa gari lililoegeshwa juani Kitui si kitu kimoja. Lami ikalainika, ikateremka, gari likanuka barabara mpya. Mbaya zaidi, yule fundi alikuwa ameziba vile vitundu vilivyo chini ya mlango. Vitundu hivyo vipo kwa sababu. Maji ya mvua huingia kwenye mlango kupitia ufa wa kioo, lazima yatoke mahali. Mvua ya Novemba ilipokuja, milango ikawa ndoo. Tulipoifungua Januari tulikuta kutu imekula kona, na fundi wa sasa akatumia siku nzima kukwangua lami kwa mafuta ya taa na kisu cha mezani. Mjomba alikaa juu ya kreti, hakusema neno.

Kinachofanya kazi ni mpira wa butili wenye ngozi ya alumini juu. Nilidhani siri yake ni uzito. Uzito unasaidia, lakini siri iko mahali pengine. Bati la mlango ni jembamba, halifiki hata milimita moja. Likitikiswa linajipinda huku na huku, na huko kujipinda ndiko sauti. Ukibandika mpira peke yake, unajipinda pamoja nalo. Ukiweka alumini juu ya mpira, alumini inakataa kufuata, mpira ulio katikati unavutwa pande mbili kama chapati inayogombaniwa, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto kidogo. Edward Kerwin, mtafiti Mmarekani, aliandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1959. Ndiyo maana huhitaji kufunika kila inchi. Kipande kimoja katikati ya bati tupu, robo ya eneo au zaidi kidogo, kinaua sehemu kubwa ya mlio. Fundi wetu hakuwahi kusikia habari za Kerwin. Alijua kwa kifundo cha kidole.

Tulifanya milango, sakafu, na ule ukuta wa nyuma ya kiti ambao kwenye pikapu ndio ngoma kubwa kuliko zote. Juu ya butili tukaweka sponji nyembamba ili kava la plastiki lisigusane na bati na kulialia. Tukaziba matundu makubwa ya ndani ya mlango, yale ya mafundi wa kiwandani, kwa sababu spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma ikipita na kukutana na ya mbele, besi inajifuta yenyewe. Hapo nikaelewa kwa nini spika za Pijo hazikuwahi kuwa na besi hata zilipokuwa mpya. Besi ilikuwepo. Ilikuwa inapotelea kwenye matundu.

Halafu umeme. Gari lina volti kumi na mbili, kwa hivyo kila nguvu unayotaka unailipia kwa mkondo mkubwa. Wati mia tatu za kweli, si zile zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye boksi, ni ampia ishirini na tano, na ukihesabu zinazopotea kama joto unapita thelathini. Waya mwembamba utapata moto. Waya wa amplifaya unatoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu kazi yake ni kulinda ule waya wote unaopita kwenye bati lenye makali. Magari huungua kwa kosa hilo dogo. Waya wa sauti tukaupitisha upande wa pili wa gari, mbali na wa umeme, la sivyo altaneta inaimba ndani ya spika kila ukikanyaga mafuta. Wufa ndogo ikaingia nyuma ya kiti, kwenye sanduku jembamba alilokata seremala wa jirani. Redio ilikuwa ya kaseti, ya mitumba, kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Nilisafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe.

Nilipokuwa nikikaza skrubu nilikuwa nawaza kwamba tunafanya jambo ambalo babu angelishangaa. Mziki wake ulikuwa wa wote waliopanda, na hata wa waliobaki steji. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 1996 stesheni za kibinafsi za FM zilianza, na baadaye zikaja za lugha za nyumbani. Leo Musyi FM na wenzake wanakupa Kikamba mchana na usiku, hakuna anayemhitaji dereva mwenye kanda. Februari 2004 sheria za John Michuki zikaanza kazi: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano. Zile pikapu za mabenchi zilishapungua, na baada ya hapo zikakosa kabisa nafasi kwenye barabara kubwa. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kelele chini ya NEMA. Sizilaani. Nimesafiri usiku na mtoto mgonjwa kwenye mathree yenye wufa chini ya kiti, najua kelele ya mwingine ni nini. Lakini pikapu imebadilika kutoka chombo cha umma kikawa cha mtu, na sauti yake imefuata. Enzi ya kipaza sauti ilisukuma sauti nje. Sisi tulikuwa tunalipa pesa iwe ndani, ibaki ndani.

Tulimaliza Ijumaa jioni. Mjomba akasema tusisikilize hapo gereji. Tukatoka, tukashika barabara ya Ikanga. Jambo la kwanza nililosikia ni kwamba sikusikia kitu. Mlio wa matairi ulikuwa umekwenda mbali, kama uko kwenye gari la mtu mwingine. Mjomba alikohoa, na kikohozi chake kikanishtua kwa ukaribu.

Akaingiza kanda.

Kwanza ule mvumo wa kanda kuukuu. Kisha ngoma ya mguu, na safari hii niliisikia kifuani, pigo safi, lenye mwanzo na mwisho. Gitaa likaingia. Halafu lingine. Mjomba akapunguza mwendo. "Kuna la tatu," akasema. Kweli kulikuwa na la tatu, linacheza chini kabisa, linajibu wale wawili. Alikuwa ameujua wimbo huo zaidi ya miaka arobaini, na siku zote mpigaji wa tatu alikuwa chumbani bila yeye kujua.

Salamu zikaja baada ya ubeti wa pili. Mwimbaji alisema jina lake, akataja kijiji chake. Nimeviandika vyote viwili, na naendelea kuulizia bendi. Akasalimia madereva wa steji ya Kitui. Jina la kwanza likatoka, wazi kabisa, silabi tatu.

Halikuwa la babu.

Mjomba alisimamisha gari pembeni. Akarudisha kanda, akacheza tena. Akarudisha mara ya tatu. Jina lilikuwa linafanana na la babu mwanzoni, silabi ya kwanza ile ile, na nikaelewa kabisa jinsi mtoto wa miaka sita ndani ya debe linalotembea angemalizia mwenyewe zilizobaki. Tulikaa hapo. Punda akavuka barabara na mitungi yake ya maji. Nilitaka kusema kitu, nikakosa. Nilihisi kama sisi ndio tulioiba kitu kwa kunyamazisha lile gari.

Mwishowe mjomba alimpigia dada yake. Nilijua inamgharimu. Akamwambia, "Ulikuwa sawa. Si Baba." Kisha akamtajia jina alilolisikia.

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu mama mkubwa akasema, "Huyo si ndiye aliyemfundisha Baba kuendesha? Alikufa na gari pale Athi, wewe hujazaliwa. Baba alikuwa turnboi wake."

Mjomba hakujibu. Alinitazama mimi, turnboi, kisha akatazama barabara.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu hiyo kanda. Tulidhani babu aliicheza miaka yote kwa majivuno, asikie jina lake. Kumbe alikuwa akisikiliza la mtu aliyemtoa nyuma kwenye magunia akamweka mbele kwenye usukani. Nimenakili wimbo kwenye kompyuta yangu ya chuo, kitu pekee nilichotoka nacho huko, na nimeanza kuuliza wazee wa steji kama wana kanda nyingine zisizo na karatasi. Wengi wanazo. Ziko kwenye makopo ya siagi, chini ya vitanda, zinaliwa na joto. Kila moja ina salamu ndani yake. Ukiwa na bibi au babu Ukambani, au popote pale, uliza leo, usingoje matanga.

Mjomba bado anabeba maembe. Soko la Kibwezi likiwa limejaa, hufungua vioo vyote viwili na kuucheza wimbo ule mpaka salamu ziishe. Kisha anavifunga.